Corolla 110 kutoka otomatiki kwenda manuali: shajara ya gari lililogoma kuwaka

Gari lenyewe na sababu ya kazi hii

Ni Corolla AE110 ya mwaka 1998, injini 5A-FE ya cc 1,498, lililotoka Japani likiwa na giaboksi ya otomatiki. Giaboksi hiyo imechoka. Ikiwa baridi inashika vizuri, ikishapata moto inateleza: unakanyaga mafuta, injini inalia, gari linajikokota. Oili yake ilitoka nyeusi na harufu ya kuungua, na sumaku za ndani ya sampu zimefunikwa unga wa chuma. Mafundi niliowauliza walinipa njia mbili. Kwanza, kuifungua na kuweka pakiti mpya za klachi za ndani. Pili, kutafuta otomatiki nyingine ya mtumba, ambayo nayo hakuna anayejua iliishi vipi kabla ya kufika Dar. Mimi nikachagua ya tatu, manuali. Gari hili linabeba watu na mizigo hadi Mkuranga na kurudi, na giaboksi ya manuali ikisumbua njiani hukosi fundi anayeijua.

Spea nimezichukua Ilala, seti nzima kutoka kwenye gari moja: giaboksi ya gia tano ya familia ya C, flaiwili (gurudumu zito linalofungwa nyuma ya krenki) na boliti zake, presha pleti, pedali, masta ya klachi na silinda yake ya chini, gia leva na kebo zake mbili, draivu shafti, sahani ya bati inayokaa kati ya injini na giaboksi, na stata (mota inayozungusha injini ili iwake). Muuzaji alitaka stata aiuze kivyake. Sikukubali. Kwenye magari mengi stata ya otomatiki na ya manuali hazilingani urefu wa pua, na meno yasipoingia sawasawa kwenye ringi ya flaiwili utaitafuna ringi, na kuibadilisha ringi maana yake ni kushusha giaboksi upya. Kwa mtu anayeanza kazi hii, ushauri wangu ni huu: giaboksi, flaiwili, sahani na stata vitoke gari moja, hata kama bei inapanda kidogo.

Kazi ya chuma

Hapa sitakaa sana, kwa sababu chuma hakikutusumbua. Otomatiki ilishuka pamoja na tokofeta yake (kikombe cha oili kinachoiunganisha na injini), pleti nyembamba ya otomatiki ikatolewa, sili ya nyuma ya krenki ikawekwa mpya maana nafasi ya kuifikia haiji mara kwa mara. Flaiwili imefungwa kwa boliti zake za manuali. Za otomatiki ni fupi, wala zisirudishwe hapo. Nimekaza Nm 78 kwa mtindo wa msalaba, presha pleti Nm 19. Mabomba mawili yaliyokuwa yanapeleka oili ya otomatiki kwenye rejeta yamezibwa. Giaboksi imepata oili ya 75W-90, karibu lita mbili.

Pedali ya klachi ilitaka kutobolewa ukuta wa injini, lakini Toyota waliacha alama ya duara kwenye bati mahali pa masta, kwa hiyo ilikuwa kazi ya kufuata alama.

Jumapili jioni kila kitu kilikuwa mahali pake. Klachi inakanyagika, gia zinaingia zote, tairi za mbele zinazunguka kwa mkono gari likiwa kwenye stendi. Ikabaki kuliwasha.

Ufunguo wa kwanza

Kimya. Dashibodi inawaka, taa ya oili inawaka, feni haina shida, lakini ukipeleka ufunguo mwisho hakuna hata "tak" moja kutoka kwenye stata.

Nilitegemea hivyo, na sababu yake ndiyo moyo wa shajara hii. Kwenye gari la otomatiki, umeme wa kupiga stata hautoki kwenye ufunguo ukaenda moja kwa moja. Unapitia kwanza kwenye swichi iliyo juu ya giaboksi, ile inayojua leva iko wapi. Leva ikiwa P au N, swichi inafunga njia na stata inapiga. Ikiwa D au R, njia iko wazi, na gari haliwezi kuwaka likakurukia. Swichi hiyo imeondoka na otomatiki. Soketi yake imebaki inaning'inia pembeni ya betri, na njia ya umeme imekatika hapo.

Nilipima ili nisibahatishe. Betri ikiwa imetulia ilikuwa volti 12.6. Pini ndogo ya stata, ile ya namba 50, ilisoma sifuri ufunguo ukiwa mwisho. Kwenye soketi inayoning'inia, moja kati ya nyaya mbili nene ilipata volti 12 kila ufunguo ulipofika mwisho, na nyingine haikupata kitu. Kwa hiyo umeme unafika hadi kwenye soketi na kuishia pale. Nyaya nyembamba za soketi ile ni za taa za kuonyesha leva iko wapi, na nyingine mbili ni za taa za riva.

Kabla sijaendelea, fundi umeme wa jirani alipita, akasikiliza, akacheka kwa wema.

"Kaka, hiyo usihangaike nayo. Kitufe kimoja tu, waya kutoka betri, unapiga mwenyewe. Magari ya manuali yote ninayofunga nawawekea hivyo."

"Sawa fundi," nikamwambia, "weka tuone kama injini inazunguka. Mengine tutayaangalia mchana wa kesho."

Akachomoa waya wa asili kutoka pini ya 50, akachomeka wake, akapitisha kitufe chini ya usukani. Kwa ajili ya kupima, kitufe kilikuwa na faida: kilitenganisha matatizo ya stata na matatizo ya nyaya za gari. Na matatizo ya stata yalikuwepo.

"Tak" bila kuzunguka

Kitufe kikibonyezwa, stata inagonga "tak" kwa nguvu, haizungushi. Ukiachia na kubonyeza tena mara kadhaa, mara moja inashika na kuzungusha, halafu inarudi kugonga. Watu wengi wakisikia hivyo wanakimbilia kusema betri imekufa. Angalia taa za mbele. Zikififia sana unapopiga, lawama ni za betri au nyaya zake. Zikibaki zinawaka vile vile na unasikia mlio mmoja mkavu, solenoidi (swichi ya sumaku ya stata) imevuta lakini umeme mkubwa haukuvuka kwenda kwenye mota.

Taa zetu hazikufifia. Nikatoa waya hasi wa betri kwanza, kwa sababu kebo nene ya stata haina fyuzi na spana ikigusa bodi utaona moto, kisha nikashusha stata.

Stata hizi za Denso zina tabia yao inayojulikana. Nyuma ya solenoidi kuna kofia ndogo yenye boliti tatu. Ukiifungua unakuta vipande viwili vya shaba vilivyokaa uso kwa uso, na katikati fimbo yenye sahani ya shaba inayovigonga vyote viwili kwa pamoja ili umeme upite. Kila ukiwasha gari, sahani inagonga na cheche inachoma shaba kidogo. Nilichokiona ni hiki: kipande cha upande wa mota kilikuwa bado kina unene wake, uso umechafuka tu. Cha upande wa betri kilikuwa kimeliwa hadi kikabaki ukingo mwembamba wenye umbo la mwezi mchanga, mweusi, na chembe za shaba zilizoyeyuka zimetapakaa chini ya kofia. Sahani ilikuwa inafika, inagusa upande mmoja, na upande wa pili inaning'inia hewani kwa unene wa karatasi.

Vipande hivyo vinauzwa peke yake madukani, havina sababu ya kumtupa mtu kwenye gharama ya stata nzima. Nimeweka vipya viwili pamoja na fimbo mpya, maana sahani ya zamani ilikuwa na mashimo na ingeanza kuvila vipya mara moja. Kaboni nilizikagua, bado ndefu. Meno ya pinioni yana kingo safi.

Inazunguka, lakini kwa uchovu

Stata ikarudi, kitufe kikabonyezwa, injini ikazunguka. Taratibu mno. Kila silinda ikifika juu unaisikia inasita.

Hapa ndipo mita inapomshinda mtu anayebahatisha. Niliweka mita kwenye vichwa vya betri, dogo anayenisaidia akabonyeza kitufe: volti 11.3. Hiyo ni nzuri kupita kiasi kwa injini inayozunguka kwa shida namna ile. Betri mbovu, au stata iliyokwama na kunyonya umeme mwingi, ingeishusha chini ya volti 9.6. Volti ikibaki juu na injini ikazunguka kivivu, maana yake umeme haupiti vya kutosha, kuna kizuizi njiani.

Kizuizi kinaweza kuwa upande wa chanya au wa hasi. Chanya: mguu mmoja wa mita kwenye kichwa cha betri, mwingine kwenye boliti nene ya stata, bonyeza. Ikasoma 0.2, haina shida. Hasi: mguu mmoja kwenye kichwa hasi cha betri, mwingine kwenye bodi ya giaboksi, bonyeza. Ikasoma volti 2.8. Zote hizo zinapotea kati ya giaboksi na betri, na kawaida isizidi nusu volti.

Kwenye otomatiki, waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri) ulikuwa umefungwa kwenye boliti ya bodi ya giaboksi yenyewe. Manuali haina boliti mahali pale, kwa hiyo waya ulikuwa umehamishiwa kwenye bano la mauntini (kishikio cha giaboksi), ambalo lina rangi nene ya kiwandani. Boliti ilikaza kwenye rangi, si kwenye chuma. Umeme wa stata ni zaidi ya ampia mia, na ukikosa njia yake unatafuta nyingine: kebo za gia, kebo ya aksileta, hata waya mwembamba wa sensa. Nilishika kebo ya aksileta karibu na ukuta wa injini baada ya kupiga stata kwa sekunde chache, ilikuwa imeshaanza kupata joto. Anayeendelea kupiga stata katika hali hiyo ataunguza kebo, na akiunguza waya wa ethi wa kontroboksi (kompyuta ya injini) atajitafutia hasara kubwa kuliko giaboksi.

Nikachagua boliti mojawapo ya zinazobana giaboksi na injini, nikasugua aluminiamu hadi ikang'aa, nikafunga waya mpya mnene, na wa pili kutoka injini kwenda bodi. Nikapima tena: 0.12. Injini ikazunguka kama ya gari jipya.

Inapiga, haiwaki

Sasa stata ina nguvu, lakini kuwaka ni kwa kusubiri. Asubuhi injini ikiwa baridi inabidi ushikilie kitufe muda mrefu, inapiga, inapiga, ndipo inakohoa na kushika. Na ikishashika, mzunguko wa kutulia unapanda na kushuka, na ukiingia gia ya kwanza gari linajisukuma kidogo hata kabla hujagusa mafuta. Fundi umeme akasema nisafishe throto na nibadilishe plagi. Plagi nilikuwa nimeshazitazama, zina rangi ya udongo, safi. Cheche kutoka distribyuta ipo, ya buluu, inaruka vizuri. Petroli ipo.

Kabla ya kununua kitu chochote, gari hili lina namna ya kusema lenyewe. Chini ya boneti, karibu na mnara wa shoki, kuna kiboksi cheusi chenye mfuniko ulioandikwa majina ya pini. Unachukua kipande cha waya, ufunguo ukiwa umezimwa unaunganisha TE2 na E1. Ukifungua ufunguo, taa ya injini inapepesa haraka haraka kuonyesha kwamba kontroboksi imeingia kwenye hali ya upimaji. Unawasha injini, kisha unaunganisha na TE1. Hapo taa inaanza kuhesabu: mapigo ya tarakimu ya kwanza, inapumzika sekunde moja na nusu, mapigo ya tarakimu ya pili, inapumzika zaidi, inaingia namba inayofuata.

Ilihesabu 42. Hiyo sikuishughulikia. Ni ya spidi, na katika hali ya upimaji hutokea kama gari halijatembea zaidi ya kilomita 10 kwa saa, nasi tulikuwa tumesimama. Ikahesabu 43. Ikahesabu 51. Ikarudia 42, 43, 51.

Namba 43 inasema: kontroboksi haikupata taarifa kwamba stata inapigwa. Namba 51 hutoka kama kiyoyozi kimewashwa, au mguu uko kwenye mafuta, au leva ya otomatiki haiko P wala N. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa, mguu haukuwa kwenye pedali. Ilibaki la tatu. Gari lilikuwa linaamini kwamba limewekwa D.

Nikakaa kwenye ngazi ya gereji na mchoro wa umeme, na kila kitu kikakaa mahali pake. Ule waya unaotoka kwenye ufunguo, ukapita kwenye swichi ya giaboksi hadi kwenye stata, haubebi umeme wa stata peke yake. Una matawi. Tawi moja linaingia kontroboksi kwenye pini iitwayo STA, kuiambia "sasa tunawasha". Ikipata taarifa hiyo, kontroboksi inaongeza petroli ya kuanzia na kufungua hewa ya kutulia. Kwenye Toyota nyingi za enzi hizi, rilei (swichi inayofungwa kwa umeme) ya pampu ya petroli nayo ina koili mbili. Moja inashtuka kwa umeme huo huo wa kupiga stata, ili pampu ianze sekunde ile ile. Ya pili inashikiliwa na kontroboksi baada ya kuona mapigo ya distribyuta. Tawi lingine linaingia pini ya NSW. Hiyo kontroboksi inaitumia kujua leva iko wapi: swichi ikiwa imefunga, pini inavutwa chini kupitia koili ya stata hadi ethi, na gari linajua liko P au N. Njia ikiwa wazi, volti ya NSW inabaki juu, na gari linajua kuna mzigo wa D, linajipangia mzunguko wake wa kutulia kwa mzigo huo.

Kitufe kilipeleka umeme kwenye stata na kuyanyima matawi yote chakula. Stata inapiga kwa sababu ya kitufe, lakini ufunguo uko kwenye ON tu, na kwa kontroboksi hakuna aliyewasha gari. Petroli ya kuanzia haiji, inategemea mchanganyiko wa kawaida wa injini inayotembea. Na soketi ya swichi ikiwa wazi, gari liko D siku nzima. Gari la manuali lililosukumwa likawaka lingetoa 43 hiyo hiyo, kwa sababu hiyo hiyo.

Ninamheshimu fundi yule, amewasha magari mengi yaliyokuwa yamelala. Lakini naomba mafundi wenzangu tuache kitufe kuwa jibu la mwisho. Mwenye gari analipa petroli zaidi, anaua betri kwa kupiga stata ndefu, na mwishowe anauziwa plagi na sensa ambazo hazina kosa.

Kuurudisha waya

Kitufe kimetoka. Waya wa asili umerudi pini ya 50. Kwenye soketi ya otomatiki nimeunganisha zile nyaya mbili nene moja kwa moja, si kwa kusokota na kuzungushia selotepu. Nimezichomelea kwa risasi, nikavalisha mpira wa kusinyaa kwa joto, nikafunga kwenye mkungu wa nyaya mbali na egzosi.

Ufunguo mwisho: injini ikashika kabla sijauachia. Katika hali ya upimaji, 43 haipo. 51 haipo. Tukazunguka mtaa na waya ukiwa TE2, tukarudi, 42 nayo haipo. Taa ikabaki inapepesa sawasawa bila kuhesabu.

Wengi wanaishia hapo, na gari linatembea. Mimi sikutaka kuishia hapo, kwa sababu sasa gari linawaka likiwa ndani ya gia. Mtoto akizungusha ufunguo gari likiwa limeegeshwa kwenye gia ya kwanza, linaruka mbele. Swichi ya otomatiki ilikuwa inazuia hilo, nasi tumeiondoa. Lazima kitu kingine kichukue nafasi yake, na kwa manuali kitu hicho ni swichi ya pedali ya klachi.

Swali ni kuikata njia wapi. Ukiweka swichi ya klachi pale kwenye soketi, badala ya ule muunganisho, stata itatii, lakini NSW itakuwa inafunguka na kufunga kila unapokanyaga klachi. Mguu ukiwa juu, gari linadhani liko D. Ukikanyaga, linadhani liko N. Kwa hiyo muunganisho wa kwenye soketi nimeuacha wa kudumu, gari lijione liko N daima, na nimekata juu zaidi, chini ya usukani, mara tu waya unapotoka kwenye swichi ya ufunguo na kabla haujagawanyika.

Jambo la pili ni ampia. Solenoidi ya stata inavuta umeme mwingi inapoanza, na swichi ndogo ya pedali haiwezi kuubeba kwa muda mrefu. Nimeweka rilei ya miguu minne ya ampia 30. Waya unaotoka kwenye ufunguo unaingia mguu wa 86. Mguu wa 85 unakwenda kwenye swichi ya klachi, na swichi inaenda ethi. Mguu wa 30 unatoka betri kupitia fyuzi yake yenyewe. Mguu wa 87 unaenda kwenye waya wa asili unaoelekea kwenye soketi, matawi na stata. Klachi isipokanyagwa, koili ya rilei haina ethi, hakuna kinachotokea. Ikikanyagwa, kila tawi linapata chakula chake kama zamani. Na swichi ya ufunguo, ambayo sasa ina umri wa kutosha, imepumzishwa: inabeba koili ya rilei tu.

Jambo la tatu ni swichi gani. Fundi mmoja alinipa swichi ya taa za breki, akasema zote ni sawa. Zinafanana kwa sura. Ya breki inafungua njia ikiwa imebonyezwa na kuifunga ikiachiwa, kwa hiyo inakaa juu, pedali ikiwa imepumzika inaibonyeza. Ukiitumia kwa klachi, rilei itashika pedali ikisogea kidogo tu, klachi bado haijaachia, na gari litaruka vile vile. Inatakiwa swichi inayofunga ikibonyezwa, ikae chini mwisho wa safari ya pedali. Nimetengeneza bano la bati la milimita 2, nikalifunga kwenye stopa ya chini, nikarekebisha hadi swichi iitike pedali ikiwa imebaki na upana wa kidole kufika sakafuni. Nimejaribu gari likiwa limeinuliwa na gia ya kwanza imeingia: mguu nje, kimya. Mguu nusu, kimya. Mguu chini kabisa, stata inapiga na tairi hazizunguki.

Hali ilivyo sasa

Asubuhi injini ikiwa baridi inashika mara moja, inatulia juu kidogo ikipata joto, kisha inashuka karibu na 800 na kubaki hapo. Volti wakati wa kupiga stata ni 10.6, na hilo ndilo nililotaka kuliona: sasa stata inapata ampia zake zote. Kebo ya aksileta ni baridi. Kontroboksi ni ile ile ya otomatiki na sina sababu ya kuibadilisha.

Kilichobaki ni taa za riva. Zile nyaya mbili kwenye soketi ya zamani nimeshazitambua kwa mita, na giaboksi ya manuali ina swichi yake ya riva juu ya kasha. Soketi yake ndiyo haikuja na seti. Jumamosi nitapita Ilala kuitafuta, na nikiwa huko nitachukua pia sili ya draivu shafti ya kushoto, imeanza kutoa jasho.